Mwanangu anataka kuacha shule akacheze raga Sydney, na shemeji ameshaleta karatasi yake

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 44. Ni mzaliwa wa Uvira, Congo, na nilikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka kumi na minne kabla ya kuletwa hapa Australia. Tunaishi Logan, kusini ya Brisbane. Mume wangu alifariki kambini. Watoto nimewalea mwenyewe kwa kazi ya usafi hospitalini, zamu ya usiku. Ninakuandikia kwa ajili ya huyu wa pili, ambaye mwezi wa kumi atatimiza miaka 18.

Tulipofika hapa alikuwa na miaka tisa, hajui hata neno moja la Kiingereza. Mwalimu wa michezo ndiye aliyempa mpira wa kwanza, ule ulio kama yai. Nikafikiri ni mchezo wa watoto, utapita. Haukupita. Sasa ananizidi kimo kwa kichwa na mabega, anacheza winga, na Jumamosi watu nisiowajua hunishika mkono uwanjani wakaniambia mwanao ana mbio. Mchezo wenyewe mpaka leo siuelewi. Naona tu wanaangushana, wanainuka, wanaangushana tena.

Mwezi uliopita alikuja mtu wa klabu moja ya Sydney. Alikaa kwenye kochi langu, akala bugali na sombe, akamsifu mtoto. Anataka ahamie Sydney mwezi wa nane, akae nyumba moja na vijana wengine wa klabu. Mtoto yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Nilipouliza habari ya shule akasema ataimalizia baadaye, wengi wanafanya hivyo. Ameacha kurasa kumi na moja za Kiingereza. Nilichoelewa ni dola 8,000 mwaka wa kwanza, dola 12,000 mwaka wa pili, na malazi ni juu yao.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliposikia akasema yeye ndiye baba sasa, na yeye ndiye atakayezungumza na klabu. Ameleta karatasi yake aliyoichapa maktaba, inayosema atapata asilimia 20 ya kila kitakacholipwa kwa miaka kumi. Nilipokataa kutia sahihi, alinisema mbele ya wazee kwamba nimeshamsahau mume wangu. Mama mkwe, ambaye bado yuko Nyarugusu, naye amepiga simu kuuliza nyumba itaanza kujengwa lini. Nyumba gani, Shangazi? Ameambiwa mjukuu wake analipwa mamilioni. Na kosa ni langu pia, maana jioni ile mtu wa klabu alipoondoka, nilipiga simu kambini mimi mwenyewe nikiwa napiga vigelegele.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Mwezi wa tano aligongwa kichwa. Sikuona, nilikuwa kazini. Niliporudi asubuhi nilimkuta amelala na viatu vyake vya mpira, ndoo ya matapishi iko pembeni. Akaniambia, mama, niliinuka mwenyewe nikaendelea kucheza, kocha hakuona, usimwambie mtu, wiki ijayo kuna mtu anakuja kuniangalia. Nikanyamaza. Jumamosi iliyofuata akacheza, akafunga trai mbili, ndiyo mabao yao, na ndiyo mechi iliyomleta yule mtu kwenye kochi langu. Tangu hapo kuna siku anasema taa ya jikoni inamuumiza macho.

Nisipotia sahihi, anasema nitakuwa nimemuua. Nikitia, naona kama nimemuuza. Dada yake mkubwa, anayesomea uuguzi, hataki hata kusikia neno raga. Naomba uniambie: nimruhusu au nimkatalie?

Mama wa Winga, Logan

*

Marahaba, mama.

Tuanze na taa ya jikoni, mengine yote yatasubiri. Kijana aliyegongwa kichwa, akatapika, na mpaka leo mwanga unamuumiza, anatakiwa kwa daktari wiki hii. Usingoje mazungumzo na klabu yaishe. Nenda naye wewe au aende na dada yake, na daktari aambiwe yote: tarehe, ndoo, na kwamba alirudi uwanjani baada ya siku saba. Mpaka daktari aseme ndiyo, asiguse mazoezi ya kugongana, hata kocha amwite namna gani. Kichwa kikiuma zaidi, akianza kutapika tena, au ukimwona anazubaa na maneno hayaungani, usisubiri miadi, mpeleke hospitali usiku huohuo.

Taasisi ya michezo ya hukohuko Australia ilitoa mwongozo mwaka 2024. Unasema mchezaji wa ngazi ya mtaani akipata mtikisiko wa ubongo asirudi kwenye mechi kabla ya siku 21, na awe amepitisha siku 14 bila dalili yoyote kabla ya kurudi hata kwenye mazoezi ya kugongana. Wale wakubwa wa NRL, ligi kuu ya raga huko, wenye madaktari pembeni mwa uwanja na daktari mwingine anayetazama picha za televisheni kwa kazi hiyo tu, wamewekewa siku 11. Mwanao, ambaye hakuna aliyemtazama, alijipa saba.

Siandiki haya kukuonea. Ningekuwa mimi, nimetoka zamu ya usiku, mtoto ananishika mkono na kuniomba, labda ningenyamaza pia. Lakini siri hiyo haimlindi. Nilikaa Huddersfield, kaskazini ya Uingereza, miaka kumi na tisa, na jirani yetu alikuwa amecheza raga hii ujanani, mtu mpole, mabega kama mlango. Alikuwa na hamsini na kitu. Asubuhi moja aliniuliza kwenye ua kama mume wangu amesharudi safari, nikamjibu; akauliza tena; akauliza mara ya tatu. Mkewe akatoka akamshika mkono wakaingia ndani. Sikusema neno, na wala sidai kwamba ni raga iliyomfanya vile, mimi si daktari. Ila yanayojulikana hadharani yanatosha. Boyd Cordner, nahodha wa klabu ya Sydney Roosters na wa timu ya jimbo la New South Wales, aliacha kucheza mwaka 2021 akiwa na miaka 29 tu kwa sababu ya kugongwa kichwa mara kwa mara. Steve Folkes, aliyeichezea klabu ya Canterbury ya Sydney na baadaye akaifundisha, alifariki 2018, na mwaka uliofuata watafiti wakatangaza kwamba ubongo wake ulikuwa na ugonjwa uitwao CTE, unaohusishwa na mapigo ya kichwa yaliyorudiwa miaka na miaka. Ugonjwa huo huthibitishwa mtu akishakufa.

Kwa hiyo kabla ya sahihi yoyote klabu iambiwe, na mtoto aseme mwenyewe kwa mdomo wake. Anaogopa wataondoka. Huenda wakaondoka kweli, siwezi kukudanganya. Lakini klabu itakayomwacha kwa sababu amesema kweli juu ya kichwa chake ingemwacha siku ya kwanza goti likivimba, na hapo angekuwa Sydney, peke yake, shule hana.

Unasema mchezo huuelewi, basi nikupe kidogo, maana utasaidia kwenye mazungumzo. Hii ni raga ya ligi, aina ya raga yenye sheria zake. Timu ina watu 13. Wakishika mpira wana nafasi sita za kuangushwa. Kila anayeangushwa anainuka, anausukuma mpira nyuma kwa mguu, wanaendelea. Wakiangushwa mara ya sita, mpira unahamia upande wa pili. Ndiyo ule uinuke-uanguke unaouona, kwa dakika 80. Wanaume wa katikati, wale wanene, ndio wanaogongana mara nyingi zaidi. Winga hugongwa mara chache, ila hugongwa akiwa kwenye mbio kamili, au akiwa hewani anadaka mpira wa juu na watu wawili wanamjia. Kwa hiyo atakayekwambia winga hana hatari, mwulize kama amewahi kusimama pale.

Sasa swali lako. Uliuliza umruhusu au umkatalie, na mimi naona swali hilo limebakiwa na miezi michache tu. Mwezi wa kumi ukifika, mtoto atatia sahihi yake mwenyewe na hakuna atakayekuuliza. Leo bado wanaihitaji yako. Ukiitumia kumkatalia, utashinda miezi mitatu na utampoteza mtoto. Itumie kudai masharti, na uyadai kwa maandishi.

Karatasi iliyo mezani kwako ni ya mafunzo ya kijana. Kuna NRL, ligi kuu, ambako mchezaji anaishi kwa mpira. Ina timu 17, na kila timu ina kikosi cha watu 30. Piga hesabu: ni nafasi 510 kwa Australia yote pamoja na ile timu moja ya New Zealand. Nyingine zitaongezeka Perth ikiingia 2027 na Papua New Guinea 2028, lakini vijana wanaozitaka nao wanaongezeka. Humo ndani mshahara wa chini ulipanda hadi dola 120,000 mwaka 2023, na hapo ndipo mama mkwe wako anapopatia mamilioni yake. Chini ya hapo kuna ngazi. Sydney kuna SG Ball ya walio chini ya miaka 19, kisha Jersey Flegg ya chini ya miaka 21, na kote huko kijana anasoma au ana kazi nyingine. Hata wanaume wazima wa ligi ya Queensland, jimbo lenu, wanaojaza viwanja Jumamosi, wengi Jumatatu asubuhi wanarudi kwenye ufundi umeme na ubomba. Mwanao anaitwa kwenye ngazi ya kwanza ya hizo. Dola 8,000 hazilipi kodi ya nyumba Sydney hata nusu mwaka, ndiyo maana malazi wameyachukua wao.

Si kwamba hawezi kufika. Cameron Smith, aliyecheza mechi 430 za NRL, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia kabla yake, mpira wa utotoni aliuchezea Logan hapohapo mnapokaa. Na Alex McKinnon wa klabu ya Newcastle ya hukohuko Australia alivunjika shingo mwaka 2014, akiwa na miaka 22, kwa kuangushwa vibaya mara moja. Sam Burgess, mchezaji mwingine wa NRL, alistaafu 2019 akiwa na miaka 30, bega limekataa. Wengi hawafiki kwenye mkasa wala kwenye mechi 430. Mkataba unaisha tu, simu hailii tena, na mtu ana miaka 23. Huyo wa miaka 23 ndiye ninayemwandikia masharti haya.

La kwanza ni shule. Mwambie mtu wa klabu kwamba mtoto ataondoka mwezi wa kumi na moja, akishamaliza. Hilo si ombi kubwa hata kidogo: mechi za SG Ball huanza mwezi wa pili, na matayarisho huanza mwishoni mwa mwaka. Kumtoa mwezi wa nane ni kumtoa mlangoni mwa mtihani. Na asikudanganye mtu kwamba ataimalizia Sydney, maana Queensland na New South Wales kila moja ina cheti chake cha sekondari. Mwanafunzi hahamishwi katikati ya mwaka wa mwisho kama gunia. Kisha waandike kwamba akifika watamlipia masomo, chuo cha ufundi au chuo kikuu, na ratiba ya mazoezi itayaachia nafasi. Klabu zenye maana zimezoea kulisikia ombi hili. Ikiona ajabu, umeshajifunza kitu.

Halafu soma, au usomewe, vipengele vitatu. Akiumia, nani analipa upasuaji, na je ataendelea kukaa kwenye ile nyumba akiwa na magongo? Mwaka wa pili ni uamuzi wa klabu peke yake au wa pande zote mbili? Maana kuna mikataba ambayo klabu inaweza kumwacha baada ya mwaka mmoja ilhali yeye haruhusiwi kuondoka. Na katika nyumba hiyo ya vijana, mtu mzima ni nani, anaitwa nani, analala humo au anapita Jumapili? Kurasa kumi na moja za Kiingereza usizisome na binti yako jikoni. Tafuta mwanasheria na mkalimani wa Kiswahili, na kabla ya kulipa senti ulizia kituo cha msaada wa kisheria kilicho karibu nawe. Wachezaji wa NRL wana chama chao, nacho kiulizwe.

Tena kwa nini Sydney? Logan iko kati ya Brisbane na Gold Coast. Una klabu za NRL karibu: una Broncos, una Dolphins kule Redcliffe, una Titans, na vijana wa umri wake wanacheza mashindano ya Mal Meninga Cup hapohapo Queensland huku wanalala kwao. Aliyeonwa na mtu wa Sydney ameonwa na wengine pia. Kabla hujajibu, mwombe kocha wake awapigie simu. Mimi ningependelea hii kuliko yote, lakini mimi si mwenye mbio.

Shemeji yako sasa. Karatasi ile usiitie sahihi, na mtoto pia umwonye asiitie siku atakapotimiza 18, maana nina hakika itamsubiri kwenye keki. Mtu anayemsimamia mchezaji kwa malipo mbele ya klabu za NRL lazima awe wakala aliyesajiliwa rasmi, na orodha yao iko wazi kwa kila mtu. Mwombe shemeji, kwa upole na mbele ya wazee walewale, akuonyeshe jina lake kwenye orodha. Hilo litaimaliza karatasi bila wewe kubishana juu ya nani amemsahau marehemu. Ila usimfukuze. Ni baba mdogo wa mtoto, na wasiwasi wake wote huenda si tamaa. Labda anaogopa kwamba jambo kubwa la kwanza la ukoo wao katika nchi hii litapita bila yeye. Mpe kazi ya kweli: asafiri Sydney akaione ile nyumba, afungue friji, aongee na vijana wanaokaa humo, arudi aseme. Hiyo ni kazi ya baba, na haina asilimia.

Umeniambia unaona kama unamuuza. Nikupe habari ya mahali nilipokaa. Pembeni ya stesheni ya treni Huddersfield kuna jengo lililokuwa hoteli ya George. Tarehe 29 Agosti 1895 wakubwa wa vilabu zaidi ya ishirini vya kaskazini walikutana humo wakajitenga na chama cha raga cha Uingereza. Wachezaji wao walikuwa watu wa migodi na viwanda, Jumamosi nayo ilikuwa siku ya kazi. Aliyekwenda kucheza alipoteza ujira. Vilabu vikaomba ruhusa ya kufidia ujira ule, waungwana wa kusini wakakataa mwaka 1893, wakisema mchezo hauchezwi kwa fedha. Kikao kile cha George kikakubali ujira ule ufidiwe. Hivi ndivyo ilivyozaliwa raga anayocheza mwanao. Kwa hiyo ukiuliza nani atalipa akivunjika, humuuzi. Unauliza swali lilelile lililouanzisha mchezo.

Na kabla hujafikiri kwamba mtoto mweusi hana historia humo: Billy Boston, baba yake alitoka Sierra Leone, alikulia bandarini Cardiff, akasajiliwa na klabu ya Wigan, kaskazini ya Uingereza, mwaka 1953 na kufunga zaidi ya trai 500. Winga, kama wako. Mwaka 2025, akiwa mzee wa miaka 90, alipewa hadhi ya Sir, mchezaji wa kwanza wa raga ya ligi kuipata. Eddie Rombo alitoka raga ya Nairobi akaenda kuvichezea vilabu vya kaskazini ya Uingereza miaka ya 1990, na Lucas Onyango, Mkenya mwingine, akafuata baadaye. Mwambie mtoto atafute picha zao. Atakusikiliza zaidi juu ya shule akijua unamjua Billy Boston.

Mama mkwe umpigie wewe mwenyewe, kwa sauti ileile uliyompigia siku ya vigelegele. Mwambie mjukuu ameitwa kujifunza, kwamba anapewa chakula, malazi na fedha ya mfukoni, na kwamba nyumba haimo. Atanuna wiki mbili. Ni nafuu kuliko kijana wa miaka 18 kupokea simu ya bati na saruji kila mwisho wa mwezi, akaogopa kusema kichwa kinamuuma kwa sababu kuna watu kambini wanangoja.

Binti yako mwuguzi mwache na hasira yake, lakini awe naye siku ya daktari. Ndiye atakayejua maswali ya kuuliza.

Ukishapata jibu la klabu kuhusu mwezi wa kumi na moja, niandikie. Nataka kujua wamesemaje.

Shangazi